Nahodha alisema "tweka", baba yangu akajitwika cherehani

Marahaba wakuu.

Najua hamjasema shikamoo, ila nina umri wa kuitikia hata nisiposalimiwa. Naandika nikiwa Cheyo, Tabora, kwa simu ya mjukuu wangu. Bando ni lake, kwa hiyo nasema ukweli mtupu bila kuremba.

Enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka kama minane, baba yangu alikuwa fundi cherehani pale Gongoni, hapa hapa Tabora. Babu alikuwa mpagazi wa misafara, kafika pwani na kurudi na mzigo begani. Baba mwenyewe alikuwa hajavuka soko, lakini umweleze habari za safari! "Mimi utanifundisha safari?"

Kaka yake alikuwa Kirando, kule kusini mwa Ziwa Tanganyika. Akamwita: huku wateja wapo, fundi hakuna. Baba akauza karibu kila kitu, akabakiza mkasi wa kazi na cherehani. Ile ndiyo ilikuwa nyumba yetu, shamba letu na ugali wetu.

Tukapanda treni hadi Kigoma, tukaenda Ujiji, tukaingia mashua ya tanga kushuka kusini ziwani. Baba, mama, mimi Zena, na mdogo wangu wa mgongoni.

Sasa sikieni vituko.

Nahodha, mzee wa Ujiji mwenye sauti ya kuamsha wafu, akapaza: "Tweka!" Mabaharia wake wawili wakakimbilia kamba wapandishe tanga.

Baba yeye kasikia "twika". Akajitwika cherehani kichwani, akamgeukia mama: "Mama Zena, twika, tunaondoka!" Mama akajitwika kapu la vyombo. Mimi nikajitwika mkeka. Tukasimama wima katikati ya mashua, familia nzima, tunasubiri msafara uanze kutembea.

Mabaharia walicheka mpaka mmoja akaachia kamba.

"Fundi, kwani wewe unakwenda kwa miguu?" nahodha akauliza.

Baba alinuna siku mbili. Mama aliuliza, akaelekezwa: kutweka ni kupandisha tanga, kutua ni kulishusha. Baba hakuuliza. Mtoto wa mpagazi aulize maana ya kutua? Thubutu!

Maisha ya humo ndani yasikieni tu. Mama alipikia juu ya debe la mchanga, ugali ukalala upande mmoja kama mashua yenyewe. Mimi nilimtapikia baba kanzu. Haja tulikwenda nyuma, mama kashika kanga iwe pazia, na upepo wa ziwani hauna adabu, wakuu.

Siku ya sita baba akaomba kazi ili arudishe heshima. Akapewa kulinda kamba ya tanga. Mchana huo huo upepo ukageuka ghafla, mashua ikalala ubavu.

"Fundi, tua! Tua!"

Kwa mpagazi, kutua ni kushusha mzigo. Baba akaiacha kamba imefungwa vile vile, akarukia cherehani iliyokuwa juu ya magunia, akaiteremsha chini taratibu, kwa heshima zote.

Tanga bado liko juu. Maji yakaanza kuingia. Nikapiga yowe, nikijua tunakufa.

Mama, mtoto mgongoni, akachomoa mkasi wa kazi kwenye kapu, akaikata ile kamba. Tanga likaporomoka na kuchanika. Mashua ikainuka kwa kishindo, na cherehani, iliyotuliwa vizuri kabisa pembeni, ikaruka ukingo wa mashua, ikazama ziwani.

Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Mama akamwambia, "Tua, Baba Zena. Watoto wako hawa hapa."

Tulifika Kirando na mkasi tu. Lile tanga mama alilishona kwa mkono, nahodha akamsifia kwa wenzake, kazi zikaanza kuja. Mtu akibisha hodi kumuulizia fundi, baba anainuka. Anaambiwa, "Si wewe, yule mama." Ikabidi azoee kumshikia kitambaa.

Tangu hapo, baba akianza ubishi, mama alisema "Tua" tu, naye akaushusha ubishi wake.

Uzeeni walirudi Tabora. Siku baba anakata roho alihangaika sana kitandani, anauliza cherehani iko wapi. Mama akamshika mkono. "Tua, Baba Zena. Tumefika."

Akatua.

Funzo langu: ukipanda chombo cha mwenzio, hata neno unalolijua tangu kwenu, liulize upya.

Haya, wenye baba wabishi leteni vyenu. Na safari hii anzeni na shikamoo.