Kiti cha Mama Rajani

Miaka ile ya ndege ndogo, kabla barabara ya kweli haijafika Jomsom, mji mdogo wa milimani, aliyegawa viti pale kiwanjani alikuwa Gokarna Bhattachan. Alivigawa miaka ishirini na saba, na hakuna aliyewahi kusema kwamba alipendelea mtu. Ndege ziliruka asubuhi tu, kabla upepo wa bonde haujaamka, na Gokarna aliandika namba ya kila kiti kwa kalamu yake mwenyewe. Kwa anayeshuka kwenda Pokhara, mji wa chini, kiti bora kilikuwa kushoto, safu ya nne, mahali nguzo ya bawa haizuii macho. Hapo mlima Nilgiri ulikujia usoni kama jirani anayechungulia dirishani. Kulia alikaa aliyechelewa.

Watu walimletea matufaha makavu na jibini ya nyati, naye alivirudisha vyote. "Ukoo wetu hauuzi madirisha," alisema.

Asubuhi yake ya mwisho kazini alisafiri yeye mwenyewe, pamoja na mkewe Dhankumari, ambaye yeye alimwita Mama Rajani kwa jina la mtoto wao. Daktari alikuwa amesema moyo wa mama yule hautavumilia tena kuishi juu milimani. Wahamie Pokhara, asirudi. Dhankumari hakulalamika. Aliomba jambo moja tu: aione kwa mara ya mwisho nyumba yao ya Tukuche, chini kidogo bondeni, alikoingia akiwa bibi arusi wa miaka kumi na saba. Njia ya kwenda huko ilikuwa imezibwa na theluji, na nyumba ilikwisha kukodishwa.

"Utaiona kutoka angani," Gokarna alimwahidi. "Nitakupa kiti kizuri kuliko vyote."

Dirishani pa kukatia tiketi, Purna Gauchan, mfanyabiashara wa vitambaa, alimbembeleza. "Kaka Gokarna, leo nipe kushoto. Nimepanda mara kumi, mlima sijauona hata ncha!"

"Safu ya nne anakaa Mama Rajani. Wewe kulia, mimi pembeni yako. Kiti kikishaandikwa, kimeandikwa."

"Mbele za watu wote hawa, kaka?"

"Mbele za watu wote hawa."

Milango ikafungwa, mapangaboi ya ndege yakaanza kuzunguka. Dhankumari akamvuta mumewe mkono kutoka ng'ambo ya njia ya katikati.

"Baba Rajani, Tukuche iko upande gani?"

Gokarna aligeukia dirisha la Purna. Kwa miaka ishirini na saba hakuna mtu aliyewahi kumwomba kulia.

"Kulia," alisema.

"Na mimi umeniweka wapi?"

"Kwenye theluji."

"Theluji nimeitazama miaka arobaini!" Hakupaza sauti, lakini macho yalimjaa machozi.

Kutoka Jomsom hadi Tukuche ndege hutumia dakika tatu tu. Gokarna akamgeukia Purna, na shingo yake, ambayo haikuwahi kuinama kwa mtu, ikainama.

"Ndugu yangu, nakuomba. Mpishe mke wangu dirishani."

"Lo! Kumbe kilichoandikwa kinafutika?"

"Kinafutika. Nilikosea mimi."

Purna alitaka kuongeza neno, akamwona Dhankumari, akalimeza. "Pita, shemeji, pita upesi," alisema, akaruka ng'ambo kama kijana.

Ndege ikainuka, ikaufuata mto. Kushoto Purna alipiga kelele kuwaita watu wautazame mlima. Gokarna hakugeuka. Alitazama kisogo cha mkewe, na mvuke wa pumzi yake juu ya kioo.

"Ile pale," alisema Dhankumari. "Kuna mwanamke juu ya paa. Anaanika magodoro."

"Asubuhi hii, na baridi hii?"

"Asubuhi hii. Ni watu wanaojiheshimu." Akaupangusa mvuke kwa ncha ya shali. "Basi, wakae."

Akaendelea kutazama mpaka ukingo wa korongo ukaifunika nyumba, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa mumewe.