Kiti Chini ya Kiwiko

Iko siku moja ya kiangazi hapa Stockholm, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu kwenye treni mpaka Waswidi wanahama viti. Nilikuwa fundi kijana kutoka Tanzania, kazi yangu kukagua mabomba ya mvuke kwenye mtambo wa umeme. Usione chuma kimenyamaza ukadhani kimepumzika. Kikibeba mzigo kwenye moto miaka mingi huvutika kidogo kidogo, na ndani yake huzaliwa vijitundu usivyoviona kwa macho. Bandu bandu huisha gogo. Basi sisi tulisugua bomba likang'aa, tukabandika utando laini unaonakili sura yake, kisha tukautazama kwa hadubini na kukadiria umri uliobaki.

Jumamosi hiyo mtambo ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, na alasiri kulikuwa na harusi mtaa wa Tensta. Msimamizi wa bwana harusi ni mimi. Suti mpya, rangi ya maziwa, nilikuwa nimeshaivaa ndani ya ovaroli! Mahali pa kupima palikuwa kwenye kiwiko cha bomba, pale linapopinda na palipochomelewa, juu kabisa, pachafu. Nikaona taabu yote ya nini? Nikapima sehemu iliyonyooka, karibu na ngazi. Sikuona kijitundu hata kimoja. Nikaandika kwamba bomba lina miaka kumi mbele yake.

Mkuu wangu alikuwa Mzee Kato, Mganda aliyekimbilia huku zamani, mtu wa maneno machache na chai nyingi. Aliisoma ripoti, akavitazama viatu vyangu vya harusi, akaondoka. Akarudi na kiti, akakiweka chini ya kiwiko kile, akakiandika jina langu kwa chaki.

"Tukiwasha moto, chakula cha mchana utakula hapa," akasema. "Kila siku, miaka yote kumi. Haya, weka saini."

Kalamu ikanigomea. Niliona aibu, mwanangu, maana nilijua siwezi kukaa pale hata kumaliza andazi, na wenzangu hupita chini ya bomba lile kutwa.

Nikapanda. Hadubini ikaonyesha vijitundu vimejipanga foleni kwenye mshono, na kiwiko kikakatwa. Ovaroli ilichanika ngazini, suti ikajaa uchafu, harusini nikafika keki imeshaliwa. Kwenye picha zote bwana harusi amesimama na mtu aliyekuja kuzibua sinki. Mkewe hajanisamehe mpaka leo.

Sasa wewe umeanza kazi hii, na kompyuta yako inakokotoa kufumba na kufumbua. Vizuri. Lakini haijui kama ulipima panapouma au ulipima penye urahisi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa usioutafuta utauzibaje? Pima panapouma. Na kabla ya saini, jiulize kama ungekaa chini ya bomba hilo ukala ukashiba.

Kiti cha Mzee Kato hiki hapa, nimekitunza nyumbani kwangu Hässelby miaka yote. Kichukue. Futa jina langu, andika lako. Mungu akupe mikono isiyoogopa kuchafuka, na kila apitaye chini ya saini yako afike kwake salama.