Banda la Mahindi Alilonijengesha Mume Wangu

Shamba lile sikuwahi kulikanyaga maishani mwangu.

Lakini nilipoliona banda la mahindi pembeni ya reli, mzigo ulinidondoka begani. Nilikuwa nalijua ubao kwa ubao.

Nililijenga mimi.

Tulieni niwasimulie. Na wa kucheka acheke mapema, maana huko mbele hakuna kicheko.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu ni fundi wa pampu za maji, kazi ya kuzunguka vijijini, wiki huku, wiki kule. Akiwa nyumbani alikuwa na ugonjwa mmoja tu: treni ndogo. Si za kuchezea watoto, ukimwambia hivyo ananuna mpaka kesho. Hizi zilikuwa na reli zake, daraja lake na stesheni yake, zote juu ya meza iliyojaza chumba cha pili.

Majirani wakambandika jina, Steshenimasta.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mtoto. Mtoto hakuja. Tulihangaika hospitali mpaka wauguzi wakanizoea. Siku niliyokata tamaa kabisa, alinikumbatia akasema, "Usilie, mke wangu. Tukikosa mtoto, tutalea treni."

Nikacheka huku nalia. Nikajisemea, huyu ndiye mume.

Basi siku moja akaingia kwenye kibanda changu cha ushonaji na mfuko wa vijiti vya aiskrimu.

"Fundi, una vidole vyepesi kuliko mimi. Nisaidie tujenge banda la mahindi."

"Si ununue lililokwisha tengenezwa?"

"Hayo ya kununua ni mabanda ya nchi za watu. Mimi nataka la kwetu."

Tukaanza. Jamani, sijawahi kuwa na raha kama ile. Yeye anapasua vijiti kwa wembe kupata mbao, mimi nazisugua kwa msasa. Tukazilaza kwenye chai ya rangi iliyokolea zionekane zimepigwa na jua na mvua. Bati tukalitengeneza kwa ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Unailaza juu ya kitana, unaikandamiza kwa kidole, inatoka na migongo kama bati lenyewe.

Nguzo zilihitaji vile visahani vya kuzuia panya wasipande. Hapo nikamshinda. Nikachukua vifungo vya chuma vya kubana, vile vya magauni ya watoto, nikavivalisha kwenye nguzo. Alinibusu kiganja.

Mtu wa kuingia kwenye banda hilo angekuwa na kimo cha nusu njiti ya kiberiti.

Kitu kimoja tu kilinishangaza. Alijua kila kitu.

"Tuweke dirisha hapa, lipendeze," nikasema.

"Halina dirisha."

"Ngazi iwe upande huu."

"Ngazi iko nyuma. Na kipandio cha chini kimevunjika."

Halafu akachukua brashi, akapaka ubao mmoja rangi ya bluu, akaishia katikati.

"Mbona hujamaliza?"

"Rangi iliisha," akajibu.

Kopo la rangi lilikuwa mbele yake, limejaa.

Nikadhani anatania. Nikasema moyoni, kweli huyu mtu ana kipaji cha kubuni.

Miezi ikapita. Nikapata kazi ya kushona sare za shule moja ya msingi huko mashambani. Mume wangu alikuwa likizo, amejifungia na treni zake, nami nikapanda treni ya kweli kupeleka mzigo. Nikashuka stesheni ndogo, nikaelekezwa nifuate njia ya kando ya reli.

Ndipo nikaliona.

Visahani kwenye nguzo. Ngazi ya nyuma, kipandio cha chini kimevunjika. Ukuta hauna dirisha. Na ubao mmoja wa bluu, rangi imeishia katikati.

Nilisimama pale kama mtu aliyepigwa shoti.

Mwanamke akatoka nyuma ya nyumba na ndoo mkononi. "Karibu, mama. Umepotea njia?"

Kabla sijajibu, akanitazama vizuri. Ndoo ikamponyoka, maji yakamwagika miguuni.

"Wifi! Ni wewe?"

Nikageuka nyuma kuangalia anamwita nani. Hakukuwa na mtu.

Akanikumbatia kwa nguvu. "Mimi kila siku namwambia kaka yako, dada gani huyo asiyekuja kuona watoto! Twende ndani, twende."

Sebuleni, picha yangu iko ukutani. Mimi na mume wangu mbele ya kibanda changu cha ushonaji, siku nilipokifungua. Ameiweka kwenye fremu nzuri. Inafutwa vumbi.

Watoto wawili wakaja mbio. Msichana mkubwa, pengo mbele, paji la uso lile lile ninaloamka nalo ubavuni kila asubuhi.

"Shikamoo, shangazi."

Sijui niliitikiaje. Nakumbuka nilimuuliza, "Ule ubao wa bluu kaupaka nani?"

"Mimi! Baba alinishikia ngazi. Lakini rangi iliisha."

Nikaomba maji.

Yule mama wa watu alikuwa na furaha mpaka aibu ikanishika mimi. Akanionyesha gauni alilovaa. "Unalikumbuka? Ulinishonea kabla hatujaonana. Kaka yako alikuja nalo." Nililikumbuka. Niliambiwa ni la mke wa bosi.

"Kaka yako hajambo? Alisema yuko kikazi mwezi huu."

"Hajambo," nikasema. "Kazi zimembana."

Ningemwambiaje, watoto wamesimama pale? Nilijikaza kisabuni, nikaaga, nikapeleka sare, nikarudi kwenye treni. Huko ndiko nililia. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alinipa leso yake, hakuuliza kitu.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu. Mume wangu ameinama mezani, treni inazunguka.

"Umerudi? Sare wamezipenda?"

"Wamezipenda. Wifi anakusalimia."

"Wifi yupi?"

"Wa banda la mahindi."

Hakugeuka. Mkono wake ulibaki hewani. Treni ikapita banda, ikapita daraja, ikarudi tena.

"Nilitaka kukwambia," akasema mwishowe.

"Lini?"

Akazima treni.

"Nisikilize, mke wangu. Pampu ya pale ilinikalisha kijijini muda mrefu. Mambo yakatokea. Halafu akazaliwa mtoto. Ningekuja kukwambia nini wewe, na hali yako ile?"

"Usinifanyie huruma sasa. Nijibu moja tu. Kwa nini ulinijengesha mimi?"

Akakaa kwenye kiti, akafunika uso. "Nikiwa hapa nawakumbuka wao. Nikiwa kule nakukumbuka wewe. Nilitaka pawe na sehemu moja ambayo nyote mpo."

Acha tu. Nusura nimwonee huruma kweli.

Halafu nikaitazama meza. Nikaitazama yote, kona hadi kona. Stesheni. Daraja. Shamba. Banda.

"Nyumba yetu iko wapi hapo?"

Akainua kichwa, akatazama na yeye.

Haikuwepo. Kibanda changu hakikuwepo. Miaka yote ile ya kujenga, hakuwahi hata kutuachia nafasi.

Wiki iliyofuata nilirudi kule nikamwambia mwenzangu ukweli, watoto wakiwa shuleni. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akauliza, "Sasa ile picha niitoe?"

Nikamshika mkono.

"Wewe unaweza kumwacha," akasema. "Mimi na hawa wawili, niende wapi?"

Nikaona kweli yake. Nikamwacha mimi.

Steshenimasta alikuja na gari kuchukua vitu vyake. Akafungua reli, akafunga treni kwenye maboksi, moja moja, kwa ajili ya watoto. Banda aliliacha juu ya meza tupu.

"Hili je?" nikamuuliza.

"Kaa nalo."

Nikaelewa. La nini kwake? Alikuwa anahamia kwenye lenyewe.

Chumba kile sasa nimeweka cherehani ya pili. Msichana yule hunipigia simu siku mojamoja, bado ananiita shangazi, nami naitika. Sina moyo wa kumkataza jina hilo; kosa si lake.

Nililojifunza ni hili. Mtu anayebuni hubadilisha mawazo. Unamwambia weka dirisha, anaweka, anatoa, anahamisha ngazi. Anayekumbuka habadilishi kitu.

Mimi nilimwona wangu habadilishi hata ubao mmoja, nikasema huo ndio ufundi.