Bamba la Mzee Mwansa

Mchungaji wa Katuba alinipigia simu kwamba kanisa litamwekea mjomba wangu, Mzee Mwansa, bamba la ukumbusho. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, akatutoka mwaka jana. Sijawahi kuona mtu wa ukoo wetu akiandikwa ukutani, nami ni mpenda kuchungulia, nikafunga safari.

Jumamosi asubuhi nilitoka Likasi kwa basi. Saa sita hivi nilikuwa Katuba, na mjane wake, Mama Mwila, akanipokea kwa bukari, ugali wa kwetu, na samaki. Mkononi bado alikuwa amefungwa kitambaa cheusi cha msiba.

“Kesho watakifungua?” nikauliza.

“Mpaka kama muntu anakamata jina yake. Bila ile, niko bibi ya mufu. Siwezi kurudia kwa dada yangu kule Kasenga.”

Kwetu mpwa hurithi jina la mjomba, ndipo mjane huachiliwa. Nilidhani mambo hayo yamekwisha zamani.

“Na nani atalikamata?”

Akanitazama, akaniongezea samaki.

Jumapili, baada ya ibada, mchungaji aliondoa shuka. Bamba lilikuwa la shaba, limefuliwa na fundi wa mtaani, likawekwa pale mlangoni mjomba alipozoea kusimama akisalimia watu. Nililisoma mara tatu. Nikamnong'oneza Mama Mwila kwamba jina sasa lipo, pengine yatosha.

“Ukuta haiitikake,” akasema.

Niliogopa, sifichi. Mjomba alipendwa na kila mtu. Mimi kanisani ni mtu wa Krismasi na Pasaka. Lakini mama huyu angekaa na kitambaa kile mpaka lini?

Alasiri, uani kwake, wakubwa wa ukoo walileta kikombe cha maji; mpwa akiyanywa, jina ni lake.

“Kunywa, mwipwa,” akasema mkubwa wao.

Nikanywa yote. Akakikata kitambaa. Mama Mwila alijisugua kifundo cha mkono, akalia, kisha akaita, “Mwansa.” Nikageuka kumtafuta anayeitwa. Watu wakacheka.

Jumatatu tulikwenda stendi pamoja, yeye na mizigo yake ya Kasenga. Nilikuja kusoma jina, nikajifunza kwamba jina hutaka mtu wa kuliitikia. Basi lake lilipoanza kuondoka, alitoa kichwa dirishani.

“Mwansa!”

“Mama!” nikaitika, kabla sijafikiri.