Walivunja fimbo yangu ya kuvulia samaki ku Ruzizi ju niko mwanamuke. Nilirudi.

Wakuu, amani kwenu. Niko Bukavu. Hii ninayoandika ilinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Kuko wanaume fulani watasoma hapa na kujitambua. Wasome tu.

Kazi yangu ni couture, kushona nguo. Niko na machine moja ku véranda ya mama, hapa Kadutu. Lakini kuvua samaki njo ugonjwa papa aliniachia. Marehemu alinifundisha kushika ndoano mbele ya kujua kushika sindano.

Tulikuwa tunavua ku muto Ruzizi, chini ya barrage, ule ukuta wa kuzuia maji ya umeme. Watu wa barrage wakifunga maji, mawe inatokea na unaweza kusimama. Wakifungua, muto inapanda mbio, na kama uko katikati, sali haraka.

Papa alipokufa nikaendelea kwenda peke yangu. Wavuvi wa pale wote ni wanaume, na mukubwa wao ni papa Déo. Nilikuwa nakaa pembeni na vinyoo vyangu vya chambo kama wao. Hakuna aliyesema kitu, ju sikuwa napata kitu.

Sasa sikieni vizuri.

Mvua ya kwanza ya septembre ikinyesha, kumbikumbi wanatoka mu udongo. Wanaruka, wanachoka, wanaanguka ku maji. Siku ile nikaona samaki wakubwa wa sharubu wanapanda kuwameza. Plop! Plop! Kila mahali.

Na sisi wote tuko tunatega vinyoo chini kabisa.

Nikajiuliza: samaki wanakula juu, sisi tunatafuta nini chini?

Nikarudi nyumbani, nikatengeneza kumbikumbi ya uongo. Ndoano ndogo, uzi ya marron, rangi ya udongo, manyoya mbili ya jogoo ya jirani (nilimuomba, sikuiba). Nikasuka kamba ya coton, nikaipakaa nta ya bougie ili isizame. Nikaifunga ku fimbo yangu ya mwanzi, na ku ncha yake nikafunga nailoni nyembamba yenye kumbikumbi ile.

Nikafanya mazoezi mu parcelle, pale uani kwetu. Mara ya kwanza ndoano ikakamata kitenge ya mama ku kamba ya nguo.

Mama akacheka: "Sasa weye unavua samaki ao unavua nguo?"

Siku ya samedi mvua ikanyesha tena. Nikasimama juu ya jiwe, nikarusha. Mara ya tatu maji ikapasuka. Wakuu, samaki ile ilikuwa inalingana na mukono wangu! Nikaivuta mpaka ku jiwe.

Papa Déo akaja. "Maman, mwanamuke akisimama hapa, muto inafunga. Njo maana hatupate kitu."

Nikamujibu: "Papa, mbona kwangu imefunguka?"

Mwenzake mumoja, tonton Faustin, akacheka kwa sauti. Nafikiri kicheko ile njo iliharibu mambo. Papa Déo akaninyanganya fimbo, akaivunja ku goti yake. "Beba samaki yako, usirudie tena."

Nililia njia yote mpaka Kadutu. Sitawadanganya.

Mama naye akaogopa. "Acha, mutoto wangu. Watakuharibia jina. Nani ataleta nguo kwa mwanamuke mwenye mikosi?" Na kweli, wiki ile wateja wawili wakakuja kuchukua vitambaa vyao bila sababu.

Hapo njo nilikasirika kabisa. Machozi ikakauka. Nikakata mwanzi ingine, ndefu kuliko ile ya kwanza.

Mvua iliponyesha, nikarudi. Jiwe ileile.

Papa Déo hakunigusa, lakini akawaambia wote nisikie: "Samaki ya huyu iko na mikosi. Hakuna mutu atakula."

Nikavua moja. Nikatoka ku maji, nikawasha moto palepale ku kando, mbele yao. Nilikuwa na chumvi na pilipili mu kisaki, mufuko wangu mudogo. Nikachoma. Nikakaa chini, nikaanza kula polepole, ninamuangalia papa Déo mu macho.

Moshi ukaenda upande wao. Harufu tu ilikuwa inatembea.

Kisha tonton Faustin akaacha kamba yake, akakuja, akachuchumaa.

"Leta mukia," akasema.

Akala mpaka mifupa. Papa Déo akakunja vitu vyake, akahamia mbali kidogo. Mpaka leo hatusalimiane, na mpaka leo niko naenda. Mama sasa njo ananikumbusha mawingu ikikusanyika. Kati ya wale wateja wawili, mumoja alirudi. Mwingine abaki huko.

Nilichojifunza: mutu akikuambia "desturi inakataza", muangalie kwanza kama ndoano yake iko na samaki.

Mwenye kuona nilikosa heshima, comments ziko wazi, uniseme bila kuogopa. Lakini uanze kwa kunijibu: kama mwanamuke anafunga muto, Ruzizi yenyewe nani aliizaa, si mama ziwa?