Kanda Moja na Ua wa Minyaa

Kutoka Masasi hadi Nangwa, rafiki yangu, miaka ile ya mwanzo ya tisini, mtu alifika akiwa amesahau alianzia wapi. Tulipanda lori hadi Lindi, tukakwama kivukoni Rufiji tukingoja maji yapungue, kisha Dar es Salaam, treni hadi Dodoma, basi hadi Singida, na mwisho lori tupu lililokuwa linafuata ngano Hanang. Mama alianza kutapika Singida na hakuacha. Baba alikuwa bwana shamba, uhamisho ulikuwa wake, kwa hiyo alijitahidi kutuchangamsha. Kila baada ya kona alinyoosha kidole na kusema, "Mlima ule pale!" Sisi tuliona wingu. Tuliposhuka, upepo ulinipiga masikioni, nikaona watu wazima wamejifunika mablanketi mchana kweupe. Nilidhani wote ni wagonjwa.

Nyumba tuliyopewa ilizungushiwa ua wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani yenye utomvu mweupe unaochoma macho. Ng'ambo ya ua waliishi bibi mmoja na mkwe wake, mke wa mwanawe. Walikuwa Wairaqw, na bibi alihamia pale zamani akitokea Daudi, kule Mbulu. Watoto wa majirani waliniita Mmakonde. Sisi ni Wamakua, lakini nilichoka kueleza. Bibi alituletea maziwa mgando ndani ya kibuyu chenye harufu ya moshi, na mama alirudisha kibuyu kikiwa na karanga za kwao. Baada ya mavuno ya ngano tulikwenda na watoto wale kuokota masuke yaliyobaki shambani, tukayachoma na kuyafikicha mikononi, tukala yakiwa ya moto. Midomo inakuwa myeusi siku nzima.

Kulikuwa na Mzungu mmoja mtaalamu wa ngano, rafiki yake baba. Aliporudi kwao alituachia televisheni, deki, jenereta dogo la petroli na kanda moja. Bara hakukuwa na kituo chochote cha televisheni wakati huo, kwa hiyo televisheni yetu ilijua kitu kimoja tu: tamasha la bendi ya Wazungu wenye nywele ndefu. Nilikuja kujua ukubwani kwamba muziki ule unaitwa roki ya progresivu. Wakati ule uliitwa "ile kanda". Kulikuwa na mtu aliyevaa joho linalong'aa, amezungukwa na vinanda, mwingine mwenye gitaa la shingo mbili, na mpiga ngoma aliyeonekana kwa shida nyuma ya ngoma zake. Moshi ulitoka sakafuni. Chini ya yote hayo kulikuwa na mngurumo usiokoma, na kwa miaka mingi niliamini ni sehemu ya muziki. Lilikuwa jenereta letu nje ya dirisha.

Petroli iliruhusu mara moja kwa wiki, Jumamosi mchana. Sebule ilijaa. Mama alipika chai ya maziwa kwenye sufuria la ubwabwa na kuwapa wote.

"Huyu wa vinanda mbona amejifunga shuka la kitanda?" bibi aliuliza.

"Ni joho, bibi," alimjibu katekista wa pale kijijini, jirani yetu mwingine. "Kama la padri."

"Padri gani hana soksi?"

"Na vinanda vyote hivyo vya nini?" mkwe alidakia. "Amekaa kama mwenye duka, anangoja wateja."

Ugumu ulikuwa kwenye kuondoka. Bibi alifundishwa kwamba kuinuka wakati mtu anasema au anaimba ni kumtukana, na nyimbo zile zilikuwa na tabia ya kuisha bila kuisha. Sauti ingeshuka, taa zingefifia, bibi angesimama, akafunga blanketi lake, akatuaga mmoja mmoja na kutuombea baraka. Akifika mlangoni, ngoma zinarudi. Bibi anarudi kukaa. "Kumbe alikuwa anavuta pumzi tu," anasema. Nje ng'ombe wake wanalia wakitaka maji. Baba alicheka mpaka akafuta machozi. Mama pia alicheka, na alikuwa mtu wa kwaya, kwa hiyo sehemu zile zisizo na maneno aliziimba akiosha vikombe.

Mwaka uliofuata mama alijifungua mtoto wa kike. Nyumba ilinukia uji na siagi kwa wiki kadhaa, maana wanawake hawakukauka mlangoni. Kisha mtoto akapata homa, na akafa kabla hajatimiza arobaini.

Wanaume wachache walikuja kuchimba, katekista akasali, wakanawa mikono, wakaondoka. Mama alitandika mikeka sebuleni, kama inavyofanywa kwetu. Masasi mtu akifiwa, nyumba hufurika. Wanawake hulala hapo siku nyingi, wanapika, wanalia, wanasutana, wanacheka. "Msiba ni watu," mama alikuwa akisema. Basi alitandika mikeka ya kutosha na kukaa kwenye mmojawapo akiegemea ukuta. Hakuna aliyekuja. Kesho yake pia. Kibuyu cha bibi hakikuja. Siku ya tatu mama aliikunja mikeka mwenyewe.

Usiniulize nilijisikiaje. Nilikuwa nachota maji, nakula, nalala. Nakumbuka unene wa ugali kuliko sura ya mdogo wangu.

Jumamosi ilipofika, baba aliisogeza televisheni dirishani, ikitazama nje, akawasha jenereta na kufungulia sauti mpaka mwisho. Nadhani hakuwa na njia nyingine ya kuwaita watu. Na kweli walikuja. Walisimama ng'ambo ya ua, mstari mzima, mablanketi yakipeperuka.

"Karibuni ndani!" baba aliita. "Mbona mmesimama?"

"Tunaona vizuri hapa hapa, bwana shamba," bibi alijibu.

"Bibi, baridi hiyo!"

"Baridi tunaijua."

Mama alitoka chumbani. Aliwaangalia juu ya televisheni kwa muda, akavuta dirisha akalifunga. "Hata mtu mmoja hataki kuvuka mlango wangu," alisema. "Tumekuwa sinema. Omba uhamisho, baba. Nikimaliza mwaka mwingine hapa nitakuwa nimekufa na mimi." Aliyasema bila kupandisha sauti.

Siku chache baadaye nilimkuta mkwe wa bibi kisimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, usinisogelee." Kisha akalainisha sauti. "Mwambie mama yako hatujamkimbia. Kwetu nyumba ikipoteza mtoto inaachwa ikae peke yake. Haiingiwi, hailiwi chakula chake, mpaka muda upite. Ukiingia mapema unatoka na msiba, unawapelekea wenye watoto wadogo na wenye mimba. Bibi anamhesabia siku. Mvua hizi zikiisha, yeye ndiye atakuwa wa kwanza mlangoni. Mwambie hivyo hivyo."

Nilimwambia hivyo hivyo. Mama alikuwa anachambua maharage. Aliendelea kuchambua.

"Katekista naye?" baba aliuliza. "Mkristo yule?"

"Mke wake ana kichanga," nilisema, maana hilo nililijua.

"Basi tungoje, mama. Mvua si nyingi zilizobaki."

"Nangojaje? Kwetu hata adui yako anakuja kulala mkekani. Hawa nimewanywesha chai mwaka mzima. Sijasema ni wabaya. Nimesema siwezi."

Baba aliipenda Nangwa. Alikuwa na vishamba vyake vya majaribio, alijua kila mche. Lakini aliomba uhamisho. Katika majuma ya kungoja, kila Jumamosi tuliangalia kanda sisi watatu, madirisha yamefungwa. Mama alikaa akitazama skrini bila kuimba. Mimi nilijua kila mahali ngoma inapoingia, na nilihesabu kimoyomoyo ili nisifikirie kitu kingine. Sikulia hata siku moja, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Kanda ile iliota ukungu tuliporudi Masasi, baba akaitupa. Miezi michache iliyopita, kwenye gesti moja Kahama, nilimweleza kijana wa mapokezi juu ya joho na gitaa la shingo mbili, akalipata tamasha lenyewe kwenye simu kwa dakika moja. Picha safi kabisa. Niliangalia nusu, nikamrudishia simu yake. Nangwa nayo nimewahi kuipitia. Minyaa imekatwa, umejengwa ukuta wa matofali. Siku hiyo kulikuwa na msiba jirani, na turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, spika inaimba kwaya, wanawake wameingia mpaka jikoni. Kijana mmoja aliniambia mambo ya kuiacha nyumba peke yake aliyasikia kwa babu. Miaka hii nimezunguka miji mingi nikikaa kwenye viti kama vile, na bado sijui kwetu ni wapi na kwao ni wapi.

Uhamisho ule wa baba ulikuja kabla mvua za mwaka ule hazijaisha. Asubuhi ya kuondoka, lori lilisimama mlangoni na vitu vikapakiwa. Walikuja tena wakasimama ng'ambo ya ua, bibi mbele. Mama alikuwa ameshapanda. Akashuka. Akatembea moja kwa moja kuelekea kwao, haraka, mikono ameitanua kama mtu anayekwenda kukumbatia. Wanawake wote wakarudi nyuma. Mkwe wa bibi alirudi nyuma akiwa ameweka mkono tumboni, na upepo ulipofunua blanketi tuliliona tumbo lenyewe.

Mama alisimama. Alilitazama. Kisha na yeye akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka akafika kwenye lori.

"Ujifungue salama!" aliita.

"Asante, mama!" mkwe alijibu, anafuta uso kwa blanketi. "Mungu awasindikize!"

Bibi alisema kitu kirefu kwa Kiiraqw, mikono juu. Hatukukielewa. Mama aliitika "Amina".

Lori lilipopita mashamba ya ngano mama alimwambia baba, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mtoto yule atazaliwa wakati wa mavuno, na kwamba miezi hiyo Nangwa kuna baridi mbaya, watamfunika vizuri.