Jivu la Mwaka na Tumbo la Alasiri

Mwaka huu, Januari mosi, binti yangu alibandika karatasi kwenye mlango wa friji hapa kwetu Usagara, akaandika majina ya watu wote wa nyumba, na mbele ya kila jina kitu atakachokiacha. Mbele ya jina langu paliachwa wazi. "Mama, wewe unaacha nini?" Nikamwambia sukari. Wallahi nilikuwa na nia. Adhuhuri ikanikuta jikoni na kisheti mkononi, nikijitetea mbele ya paka. Usinicheke. Mimi ni mtu wa ndani, na ndani ndiko viliko visheti.

Lakini tangu siku ile najiuliza: hivi mtu huacha jambo vipi hata likaachika? Maishani mwangu nimemshuhudia mmoja tu aliyeweza, na nilimchunguza kuliko alivyopenda kuchunguzwa. Ni bibi yangu, mzaa mama, aliyenilea kule Moa.

Kwetu wakati ule mwaka ulikuwa na siku yake, na siku hiyo haikuwa na habari na Januari. Asubuhi mapema bibi alizoa jivu lote la jikoni, akatoa na mafiga yaliyopasuka, akavitia kwenye ungo mkuukuu, tukashuka navyo pwani kuvitupa na kuoga. Kabla ya kutoka uani, kila mtu aliuinamia ungo akalinong'oneza jivu jambo analotaka liende nalo. Ila bibi hakuumbiwa kunong'ona. Mwaka ule, mimi nina umri wa miaka tisa hivi, alisema mbele ya jirani na kuku wote: "Tambuu na tumbaku yako, nenda, usirudi!"

Hakuwa na mzaha. Ndani ya shavu alikuwa na kidonda, na muuguzi wa zahanati alimwambia hakitapona maadamu anatafuna. Kikizidi, atapelekwa Tanga mjini akakatwe. Zamu yangu ilipofika nililinong'oneza jivu kuhusu tumbo. Kila alasiri, saa ya kwenda chuoni kusoma Kurani, tumbo langu liliuma. Lilikuwa tumbo la adabu sana, halikuchelewa hata siku moja, na lilipona mara tu wenzangu walipoanza kurudi.

Tukaoga, tukarudi nywele zikinuka chumvi, tukala bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa uliopikwa kwenye mafiga mapya. Nilijiona mpya kama yale mafiga.

Siku ya tatu tumbo likauma.

Bibi alinitazama, akasema, "Haya, lala." Hakubishana. Hilo peke yake lilinitia shaka, maana bibi alikuwa akibishana hata na mvua. Nikalala macho wazi. Nikamsikia akitoka kwenda kuchukua kuni, na kuni zenyewe zilikuwa zimejaa jikoni. Udadisi ukanishinda. Nikanyata hadi nyuma ya choo cha makuti, na hapo nikamkuta kachuchumaa, taya zinakwenda kama za mbuzi, chokaa kwenye ncha ya kidole.

Tukatazamana.

"Tumbo linatembea siku hizi?" akauliza, mdomo umejaa.

"Na wewe, bibi, unafanya nini?"

"Naagana nayo."

"Si mliagana juzi pwani?"

Akaangua kicheko, na katikati ya kicheko akajishika shavu. Machozi yakamtoka. Akatema, na mate yalikuwa mekundu kuliko nilivyozoea kuyaona. Ndipo nilipoogopa. Nilidhani lile jivu lilikuwa limeshaifanya kazi, kumbe lilikuwa limekwenda peke yake.

Hakunipiga. Alijitanda kanga, akanishika mkono, tukatoka. Njia ya chuoni ilipita barazani kwa jirani, naye hakukosa neno. "Shoga, hina umeihamishia mdomoni leo?" Bibi angeweza kufumba kinywa akapita. Akakifungua chote. "Nimeshindwa, shoga. Tazama. Ukiniona tena hivi nizomee."

Mlangoni mwa chuo akamsalimu mwalimu, akamwambia, "Nimekuletea mwongo. Na aliyemleta ni mwongo mkubwa zaidi." Kisha, badala ya kurudi nyumbani, akakaa barazani. Kesho yake akaja na miyaa ya ukili, akasuka hadi tulipomaliza kusoma. Ikawa hivyo kila siku. Hamu yake na tumbo langu vilikuja saa ile ile, na saa hiyo sote wawili tulikuwa hapo, mimi nikimchungulia dirishani kuona kama taya zinatembea, yeye akinichungulia kuona kama midomo yangu inasoma. Nisikudanganye, jirani alimzomea mara mbili zaidi, na mimi tumbo liliniuma mara nyingi kuliko hizo. Tulikwenda hivyo hivyo. Mikeka mitatu ilikwisha kabla muuguzi hajammulika kwa tochi kinywani na kumwambia kidonda kimefunga, na hata hapo hakuacha kuja.

Siku hizi ukienda Moa utakuta majiko ya gesi, na jiko la gesi halina jivu la kunong'onezwa. Pale tulipokuwa tukiogea pana ukuta wa mtu. Watoto wanapelekwa chuoni kwa bodaboda na kurudishwa kwa bodaboda, na barazani hakai mtu. Ahadi bado tunazo, tele. Kinachokosekana ni mtu wa kuja kutusimamia saa ile ile zinapotushinda.

Nilipofika kidato cha kwanza na kuanza kuona haya, nilimwambia alasiri moja, "Bibi, mimi mkubwa sasa. Leo nitakwenda peke yangu."

Alikuwa ameshafunga ukili wake kwenye kanga. Akanitazama kama mtu aliyepokonywa kiti.

"Ehe, mke mwenzangu," akasema. "Na mimi je, nitakwenda na nani?"

Nikavaa viatu, nikamngoja.